Hoteli Haipo, na Imejaa

Mkoba alikuwa hawezi kwenda hata kununua chumvi bila kutundika laptopu begani, ndiyo maana mtaa mzima ulisahau jina alilopewa na wazazi wake ukabaki na hilo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Hakuajiriwa na mtu. Alijiajiri mwenyewe, akajipa cheo, akajipangia saa za kazi, na sasa alikuwa bosi mkali wa mfanyakazi mmoja asiye na la kufanya.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba ukame huo ulimkuta akiishi katikati ya mafuriko. Mke wake ni msusi, na sebule yao mchana hugeuka saluni. Makochi husukumwa ukutani, kioo kirefu huegemezwa kwenye kabati la vyombo, na wanawake huanza kuingia na nywele zao kwenye mifuko ya plastiki. Hakuna aliyewaita. Wakikosa nafasi ndani wanakaa kizingitini, wakikosa kizingiti wanapindua ndoo za nje na kukalia hizo. Ofisi ya Mkoba ilikuwa kona ya sebule hiyohiyo, nyuma ya pazia la maua: meza, kiti chake, na kiti cha mteja. Kiti cha mteja kilikaliwa na feni mbovu.

"Shemeji," angeuliza mmoja wao, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama imeona jambo, "huko nyuma ya pazia leo kuna mtu?"

"Nina kazi huku."

"Sijauliza kazi, shemeji. Nimeuliza mtu."

Na saluni nzima ingecheka, mke wake akiwemo, ila yeye hucheka kwa mabega tu kwa sababu mdomoni ana kitana.

Mambo yalianza kuharibika pale mteja wake wa mwisho wa maana, muuza samani, alipomwambia kwamba mpwa wake kamaliza kozi ya kompyuta. "Si kwamba hukufanya vizuri," alisema muuza samani huku akimpigapiga bega kama anapima mbao. "Ila huyu anakula kwangu. Lazima nimtumie." Ubishi hauna nafasi hapo. Mtu anayekula kwako hata akikuharibia unamwita hodari.

Ndipo akaingia kaka wa mke wake. Huyu anaitwa Bwana Ghala, kwa kuwa ndiye mkuu wa ghala la saruji na mabati kule barabara kubwa. Ni mtu mwenye moyo mweupe na sauti ya kuita wapagazi hata akiwa anaomba chumvi mezani. "Nina nafasi ya karani wa kupokea mizigo," alimwambia Mkoba mbele ya wanawake wote. "Koti la kijivu unapewa bure. Nakushikilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, shemeji, bosi atamweka mtu wake."

Mkoba alimtazama mke wake amtetee. Mke wake akatoa kitana mdomoni, dalili kwamba kuna jambo la kusemwa vizuri.

"Mimi sikukatazi kompyuta," alisema. "Nakukataza kukaa. Mwezi ukiisha na hicho kiti bado ni cha feni, laptopu inapanda juu ya kabati na wewe unakwenda ghalani."

"Unanitania."

"Nikitania nacheka."

Sasa msidhani Mkoba ni mvivu aliyekuwa anaogopa saruji. Aliipenda kazi yake kwelikweli. Alipopanga maandishi na picha vikakaa sawa kwenye kioo, alihisi kile anachohisi seremala mlango unapojifunga bila kusukumwa. Hakuwa na hisia ya namna hiyo popote pengine, na alijua ghalani hataipata, labda mfuko wa saruji ukimkosa mguu. Basi akaamua mwezi huo atatafuta wateja kama anayetafuta mbuzi aliyekata kamba.

Kosa lake la miaka yote lilikuwa kuamini kwamba kizuri chajiuza. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kutengeneza tovuti. Pengine aliuza maembe. Tovuti haina harufu, haibonyezwi kwa kidole gumba, na mnunuzi hawezi kuionja kidogo kwanza. Mkoba aliigundua siri hiyo akiwa kwenye mtaa wa maduka, anapita mlango kwa mlango na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata nyanya.

"Biashara yako inahitaji kuonekana," alimwambia muuza nyama.

Muuza nyama akageuka akaitazama nyama yake ilivyotundikwa, akamrudia. "Haionekani?"

"Namaanisha mtandaoni."

"Huko nzi wapo?"

"Hapana."

"Basi kuna faida yake. Nitafikiri." Na akaendelea kukata mfupa, na mpaka leo anafikiri.

Kwa fundi saa alizungumza juu ya mwonekano, mvuto na uzoefu wa mtumiaji, maneno aliyoyasoma mahali na kuyapenda kwa sababu yalikuwa marefu. Fundi saa alimsikiliza kwa adabu, kile kioo chake kimembana jichoni, kisha akamuuliza kama hayo yote anayajua kwa moyo au ameandikiwa. Akatuma meseji kwa watu ambao hakuwajua, zote zikianza "Ndugu Mkurugenzi Mtendaji," na moja ikamfikia mama anayeuza kuku wanne sokoni. Mama yule alimpigia simu kwa mashaka makubwa akitaka kujua amefanya kosa gani. Akajiunga na makundi ya mtandaoni ya watu wanaofanya kazi za kujitegemea, akakuta wote mle wanatafuta wateja. Kila mmoja anamtangazia mwenzake, kama vinyozi waliofungiwa chumba kimoja, wote wana mikasi na wote wana vipara.

Tovuti yake mwenyewe ilikuwa imeandikwa kwa wingi: "Sisi ni timu ya wataalamu wabobezi." Wanawake wa saluni waliisoma kwa sauti siku moja wakipokezana simu.

"Shemeji, hao wataalamu wengine wanalala wapi?"

"Mmoja ni yule paka," alijibu mke wake, bila kuinua macho kutoka kwenye msuko. "Yeye ndiye anasimamia panya."

Na kwa kuwa mtu asiye na kazi za kuonyesha huzitunga, Mkoba alikuwa ametengeneza tovuti za mfano za biashara ambazo hazipo duniani. Kulikuwa na bekari, kulikuwa na kliniki ya meno, na juu ya zote kulikuwa na Hoteli Usingizi Mnono. Hoteli hiyo aliitia jasho. Ilikuwa na bwawa la kuogelea la buluu lililochukuliwa kwenye picha za bure, vitanda vipana kama uwanja, na kwenye anwani aliandika "nyuma ya kituo kikuu cha mabasi," maana lazima kitu kikae mahali. Mwezi ule akazisambaza tovuti hizo kila kundi lililomkubali, akaandika, "Hii ni kazi yetu," akakaa kusubiri simu. Simu yake ilibaki kimya kama jiwe la kusugulia miguu.

Mchana mmoja, saluni ikiwa imejaa mpaka kwenye ndoo, akaingia mama mkwe.

Mama mkwe wa Mkoba ni mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu na maneno ya haraka. Kati yake na Mkoba kulikuwa na heshima nzito ya mtu na mkwewe. Yeye husema, Mkoba huitikia, na neno "hapana" halijawahi kupita katikati yao. Wanawake walimpisha kochi. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia, akainua feni kwa mkono mmoja, akaiweka chini, akakalia kiti cha mteja.

"Shikamoo, mama," Mkoba alisema, akinyanyuka nusu kitini, maana alijua kaja kwa habari ya ghala.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Mimi ni meneja wa hoteli tangu lini?"

Vitana vyote vilisimama. Hata mashine ya kukaushia nywele ilizimwa na mtu mwenye akili.

"Sijakuelewa, mama."

"Hata mimi sikuelewa. Wananipigia asubuhi, wananipigia niko jikoni. Wanataka chumba. Nikiwaambia wamekosea namba wanaisoma tena, na ni yangu. Mwingine anataka keki ya harusi. Mwingine jino linamuuma analia, mtu mzima na sauti yake nzito, anataka daktari." Akavuta pumzi. "Huyo nilimwambia asukutue kwa maji ya vuguvugu na chumvi."

"Ulimtibu?" mke wake aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Alipiga tena kushukuru. Sasa ningemwacha afe?"

Mkoba alihisi jasho likishuka mgongoni kama mdudu anayejua njia. Alikumbuka yote kwa mara moja. Alipotengeneza tovuti zile alihitaji namba ya simu ya kuweka, na sifuri tupu zilikuwa zinaharibu sura ya ukurasa, na yeye kwa sura ya ukurasa yuko tayari kuuza figo. Akaweka namba ya laini iliyokuwa inazubaa kwenye droo. Baadaye simu ya mama mkwe ilipokufa, Mkoba kwa kutaka sifa za ukwe akatoa simu yake ya akiba, akatia laini ile ile ya kwenye droo, akaipeleka kwa mikono miwili. Alisifiwa ukoo mzima. Kwamba namba hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye hoteli, bekari na kliniki, ilimtoka kichwani kama jina la mwalimu wa darasa la pili.

Akaeleza, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Kule nje ya pazia mtu alijifunga kitambaa mdomoni asicheke na akashindwa.

"Umempa mama yangu hoteli," alisema mke wake. "Mimi hata chumba cha pili hujanipa."

"Hilo la kucheka limekwisha," alisema mama mkwe, naye hakuwa amecheka. "Wale wa vyumba nilichoka nao, nikaanza kuwaambia tumejaa. Nikadhani watakoma. Wanazidi. Wanasema kama imejaa basi ni nzuri. Jana kanipigia mwanamume mwenye nyumba ya wageni, pale nyuma ya kituo cha mabasi. Kanitukana. Anasema tumemwibia wageni, anasema atatufikisha kunakohusika, anasema hoteli yetu haina adabu. Mwanangu, mimi mtu akinitukana juu ya kitu changu nakitetea."

"Lakini mama, si kitu chako. Hakipo."

"Hilo sikulijua wakati ule. Nilimwambia hoteli yetu imejaa mpaka kwenye ngazi, na kwamba yeye wageni wanamkimbia kwa mdomo wake. Nikamwambia kesho meneja mkuu atakuja kuzungumza naye uso kwa uso."

"Meneja mkuu nani?"

Mama mkwe alimtazama tu, kama mtu anavyotazama sufuria akisubiri ichemke.

Kesho yake wakaenda, Mkoba mbele na mama mkwe nyuma, kwa kuwa alisema hawezi kukosa. Walahi hakuna mtu aliyewahi kwenda kwenye kazi ya kuomba radhi na shahidi mbaya kuliko huyo.

Gesti yenyewe ilikuwa jengo refu la chini, rangi ya kijani iliyochoka, na ua wa saruji uliofagiwa mpaka ukang'aa. Mapokezi ilikuwa meza yenye kitabu cha wageni na ubao wa funguo, kila ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama mwiko ili mgeni asiusahau mfukoni akaondoka nao. Karibu funguo zote zilikuwa ukutani. Chini ya meza kulikuwa na kandambili za wageni, nyingi, na kwa sababu isiyojulikana nyingi zilikuwa za mguu wa kushoto. Mwenye gesti alikuwa mzee mfupi mwenye fulana nyeupe, na alisimama alipowaona kama mtu aliyejipasha misuli tangu alfajiri.

"Wewe ndiye meneja wa Usingizi Mnono?"

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi haijazi vitanda. Watu wanashuka kwenye basi, wanakuja hapa mlangoni kwangu, na mabegi, wananiuliza hoteli ile iko wapi. Kwangu. Kama mimi ni alama ya barabarani. Nimezunguka mitaa yote ya huku nyuma naitafuta nijionee. Mmeificha wapi?"

"Haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo popote, mzee. Niliichora."

Mzee akatoa simu, akaifungua ile tovuti kwa kidole kilichojaa hasira, akamwonyesha bwawa. "Hili umelichora? Maji haya?"

Mkoba aliona maneno hayatoshi. Akafungua laptopu juu ya kitabu cha wageni, akaandika kidogo, akamwambia mzee aufungue ukurasa upya. Mzee akafungua. Mahali palipokuwa na "Hoteli Usingizi Mnono" sasa paliandikwa "Hoteli Samahani Mzee." Mzee aliitazama kwa muda. Akafungua tena kuhakikisha. Kisha akakaa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwa ameshindwa na kitu ambacho hakipo, na chake kipo.

"Kwa hiyo," mzee alisema polepole, "hoteli haipo, na imejaa."

"Mimi ndiye niliyeijaza," alisema mama mkwe, kwa fahari kidogo.

"Na mimi nipo, na niko tupu." Akatazama ubao wa funguo, na Mkoba kwa mara ya kwanza aliona kwamba hasira ile ilikuwa woga uliovaa fulana. Mzee akaegemea mbele. "Kijana, kitu hicho kinaweza kuandikwa jina langu?"

Siku zote hizo Mkoba alibisha milango, na hapa mlango ulikuwa unambishia yeye. "Kinaweza, mzee. Nitakutengenezea chako, nipige picha za vyumba..."

"Picha za nini? Hiihii. Futa jina, weka langu. Bwawa liache."

"Bwawa unalo?"

"Tutasema linakarabatiwa."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia wanapofika mpaka wanapoondoka."

Mkoba alishika kipanya. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mteja mmoja, kiti kimoja kisicho na feni, na koti la kijivu linabaki kwenye msumari wake kule ghalani. Hakuna ambaye angemlaumu; mtandao mzima umejaa mabwawa ya namna hiyo. Lakini alimwona mgeni akishuka kwenye basi na kaptura ya kuogelea kwenye begi, na watoto aliowaahidi maji ya buluu, akisimama kwenye ua huu wa saruji. Halafu akamwona mgeni huyo akiangalia chini ya ukurasa kutafuta aliyeutengeneza. Sifa pekee aliyokuwa nayo Mkoba duniani ni kwamba milango yake, kama ya yule seremala, hufunga vizuri. Akaondoa mkono.

"Hapana, mzee. Hilo la bwawa sifanyi."

Hilo neno "hapana" hakuwahi kumwambia mteja. Lilimtoka likiwa jipya kabisa, na halikumkaa vizuri mdomoni.

"Basi mmekuja kunipotezea muda," alisema mzee. "Futa hiyo hoteli yako na uende."

Mkoba akaifuta palepale, Usingizi Mnono na vitanda vyake vyote, akafunga laptopu. Alipogeuka kuondoka, mama mkwe hakuwepo. Walimsubiri, wote wawili wakitazama pande tofauti kama watu waliogombana kwenye foleni. Akatokea kwenye korido akijifuta mikono.

"Maji yako ni ya moto," alimwambia mzee.

"Nayachemsha mwenyewe kila asubuhi. Mgeni wangu haogi baridi."

"Na shuka zimenyooshwa."

"Mke wangu ana ugomvi na mikunjo."

"Choo ni safi kuliko cha mwanangu wa ghalani." Akakaa kwenye benchi la mapokezi kama mwenye gesti ni yeye. "Baba, mimi hao watu wako nimezungumza nao mpaka masikio yamepata sugu. Unataka kujua wanauliza nini? Bwawa aliuliza mmoja, na huyo ni mlevi. Wengine wote: maji ya moto yapo? Kuna kelele? Nikifika usiku na basi nitafunguliwa mlango? Mlango unafungika kwa ndani? Huyo wa mwisho ni mwanamke, na wanawake ni wengi. Nikawa nawajibu tumejaa, kumbe majibu yote yako hapa kwako."

Mzee akageuka kuitazama korido alikotoka mama huyo.

"Mlango unafungika kwa ndani?" Mkoba aliuliza.

"Komeo mbili," alisema mzee, taratibu. "Na usiku nafungua mimi mwenyewe. Silali sana."

Mkoba akaifungua tena laptopu.

Mchana ule wote alipiga picha. Alipiga komeo zote mbili kwa karibu, akapiga ndoo ya maji ikifuka mvuke, akapiga kitanda kilichotandikwa na mke wa mzee, ambaye alifukuza kila mtu chumbani mpaka amalize kona ya nne. Kulikuwa na ugomvi kuhusu fulana. Mzee alitaka kupigwa akiwa na suti, Mkoba akasema mgeni atakayefunguliwa mlango saa nane za usiku atafunguliwa na fulana, basi azoee mapema. Na ukurasa wa kwanza akaandika kwa herufi kubwa: "Bwawa hatuna. Maji ya moto tunayo."

"Unanidhalilisha," alisema mzee alipousoma.

"Ukiona hakuna aliyekuja kwa ajili yake, nitaufuta bila kinyongo."

Mgeni wa kwanza aliyekuja na ukurasa ule mkononi alikuwa mwanamke anayesafiri na sampuli za vitambaa, ameshuka basi la usiku. Alisimama getini akauliza, "Samahani, ndiyo hii isiyo na bwawa?" Mzee alisema alitaka kumkasirikia lakini mikono yake tayari ilikuwa inafungua komeo. Baada ya huyo wakaja wengine, si kwa msururu, ila ubao wa funguo ukaanza kuonyesha misumari. Na mzee akawa msemaji wa Mkoba pale kituoni. Mtu akishuka tu basi anaambiwa habari za yule kijana aliyekataa bwawa.

Lakini mteja mmoja si kazi, na mwezi ulikuwa unakata mkia. Mkoba akarudi nyumbani kurekebisha bekari na kliniki. Juu ya kila moja akaandika kwamba ni mfano tu, anayetaka ya kwake apige simu, na akamwendea mama mkwe kwa unyenyekevu kumwambia sasa ataiondoa namba yake apumzike.

"Uiondoe kwa nini?"

"Si inakusumbua, mama?"

"Ilinisumbua nilipokuwa sina la kuwaambia. Iache."

Akaiacha, ungekuwa wewe ungefanya nini. Mama mkwe hakungoja watu wapige. Alianza na wale waliokwisha kumpigia. Alimpigia yule wa jino, na hapa wanawake wa saluni wanaapa walisikia kwa masikio yao, kwa kuwa siku hizo alikuwa anakuja kushinda palepale.

"Baba, jino linaendeleaje? Limetulia. Alhamdulillahi. Sasa wewe kazi yako ni nini? Matairi. Na anayetaka tairi akiwa amekwama njiani anakupataje? Hakupati. Basi unaona. Nina mkwe wangu, ni mpole, hasemi sana, ila hakudanganyi. Kesho anakuja. Usiache chumvi."

Mkoba, nyuma ya pazia, alisikia maisha yake yakiuzwa na mtu mwingine, kwa maneno ambayo yeye asingeyapata hata angepewa mwaka. Aliyetaka keki ya harusi akapigiwa pia. Harusi ilikwisha pita, keki ilitoka kwingine, lakini aliyeipanga harusi hiyo alikuwa bibi mmoja wa kupamba kumbi, na bibi huyo alikuwa na picha za kumbi simu mbili nzima na hajui pa kuziweka. Akaja mwenyewe saluni. Alikuta kiti cha mteja kimekaliwa na mama mkwe, ikabidi mke wa Mkoba ampishe stuli ya wateja wake, na alipokuwa anasubiri akasukwa.

Siku ya mwisho wa mwezi Bwana Ghala alifika na koti la kijivu mkononi, limekunjwa vizuri, jina la kampuni mfukoni. Alimkuta mama yake nyuma ya pazia na simu sikioni, akaonyeshwa kidole asubiri. Akasubiri, jitu zima, katikati ya wanawake wenye vichwa nusu.

"Mama, yuko wapi?"

"Yuko kwa mtu wa matairi."

"Ile nafasi bosi ananiuliza leo. Nimwambie nini?"

"Mwambie uliyekuwa unamshikilia ameshikwa."

"Nataka nisikie kutoka kwake. Ni mtu mzima."

Dada yake alitoa kitana mdomoni. "Hiyo ni haki yako, kaka. Kaa. Ukitaka nikunyoe ndevu wakati unasubiri, useme."

Mkoba alirudi mchana umekwisha, mikono imechafuka mpira mweusi, maana mtu wa matairi alimtaka ajue tairi kabla ya kulipiga picha. Aliliona koti. Aliona pia kwamba mke wake anamwangalia na hacheki. Bwana Ghala akasimama.

"Shemeji, sema wewe mwenyewe. Linakuja au linarudi?"

Mkoba alilishika koti. Lilikuwa zuri, zito, na mfukoni mlikuwa na mahali pa kuweka kalamu. Akalikunja tena kama lilivyokuja akamrudishia kwa mikono miwili.

"Linarudi, kaka. Nashukuru sana. Nina watu watatu."

Mke wake akarudisha kitana mdomoni, na mabega yakaanza kucheka.

"Wanne," ilisikika sauti kutoka nyuma ya pazia. "Kuna fundi wa mabomba, bomba limepasuka kwa mtu na mwenye nyumba hamjui wa kumpigia, nimemwambia hilo ndilo tatizo lako. Anakusubiri sasa hivi. Mbona umechelewa hivyo, mwanangu? Na unakwenda na mikono hiyo?"

Bwana Ghala alimtazama Mkoba, akalitazama pazia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanong'ona. "Shemeji, bosi wa ghalani Jumapili anakuacha upumzike. Unalijua hilo?"

"Sasa nalijua," alisema Mkoba, akaenda kunawa mikono.